"NESI YUKO SEMINA": DARASA LILIVYOTOKA UBAONI MPAKA KWENYE SIMU

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi hayupo?

Leo siongelei uji wa lishe wala chanjo. Naongelea historia, na ni historia inayokuhusu wewe uliyebeba mimba au mtoto mgongoni.

Umeshawahi kufika zahanati mapema, umetembea na jua, ukaambiwa "nesi yuko semina, rudi Jumatatu"? Najua wengi mmeshaambiwa. Huku kwetu Katavi ni jambo la kawaida. Zahanati nyingi za vijijini zina wahudumu wachache sana. Wakiwa wawili na mmoja akaitwa mjini wiki nzima, anayebaki anapima wajawazito, anachanja watoto, anagawa dawa, na usiku akigongewa mlango anaamka kuzalisha. Akiugua na yeye, basi.

Sasa kuna upande wa pili. Nesi asipokwenda kusoma, anabaki na yale aliyofundishwa chuoni miaka kumi au ishirini iliyopita. Dawa zinabadilika, miongozo inabadilika, namna ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua inabadilika. Nesi asiyesoma ni hatari kwako. Nesi aliyekwenda kusoma akakuacha peke yako na uchungu, hiyo nayo ni hatari.

Hapo ndo penye mtihani wenyewe. Je, inawezekana darasa limfuate mhudumu, badala ya mhudumu kulifuata darasa? Watu wanadhani swali hili limekuja na simu janja. Hapana. Ni la zamani, na lina majibu kadhaa, mengine yametoka hapa hapa Tanzania. Nifuate taratibu.

SEHEMU YA 2: Mganga wa Karema

Tuanzie nyumbani. Wanaotoka Karema, kule ziwani, jina la Adrian Atiman hawalishangai.

Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa akauzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama Mapadre Weupe, walimkomboa kwa kumnunua huko Algeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Alipomaliza alitumwa kwetu. Alifika Karema mwaka 1889, enzi ambazo safari ya kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika ilikuwa ya miguu. Akawa mganga na katekista hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hebu piga hesabu: miaka 67 ya kutibu watu sehemu moja. Walioletwa kwake wakiwa wachanga walimletea wajukuu wao.

Namtaja kwa heshima, na namtaja kwa sababu anatuonesha ule mtindo wa zamani wa kumwandaa mtu wa afya. Unamchukua kijana mmoja, unampeleka mbali sana, anakaa darasani miaka, anarudi na alichobeba kichwani, basi. Darasa linabaki ng'ambo ya bahari. Atiman alikuwa mtu wa pekee, aliendelea kujifunza kwa wagonjwa wake na kwa dawa za wenyeji. Lakini ukiangalia mpango wenyewe utaona tatizo. Kwa eneo lote lile kubwa unapata mtu mmoja tu, tena mmoja wa bahati.

Vyuo vya uuguzi vilipoongezeka baadaye nchini, wasomi waliongezeka pia, na hilo ni jambo jema. Ila mtindo ulibaki ule ule: ondoka nyumbani, kaa darasani, rudi na cheti. Na anayeachwa nyuma akisubiri ni mama mjamzito.

SEHEMU YA 3: Mwaka 1973, darasa la watu milioni 2

Hii sehemu naipenda kuliko zote. Waulizeni bibi na babu zenu kama wanakumbuka "Mtu ni Afya".

Mwaka 1973 Mpanda ilikuwa wilaya tu, mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa 2012. Watu wazima wengi vijijini hawakujua kusoma. Madaktari walikuwa wa kuhesabu. Magonjwa yaliyokuwa yanamaliza watoto yalikuwa yale yanayozuilika: malaria, kuhara, kichocho, minyoo ya safura. Sasa utawafundishaje watu nchi nzima kwa mpigo? Ukisema uwajengee madarasa, hutamaliza. Ukisema uwatumie walimu, huna.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya, ikaja na mpango huu. Vipindi vya redio kwa wiki 12. Vitabu vidogo vyenye picha. Halafu, na hapa ndo siri ilipo, vikundi. Watu walikaa chini ya mwembe au darasani, redio katikati. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Kiongozi wa kikundi alisoma kitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie, kisha akauliza: hili lipo kwetu? Linasababishwa na nini hapa kijijini? Tunafanya nini wiki hii?

Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Na hawakuishia kuongea. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakasafisha visima.

Watu wa siku hizi wana maneno yao: mafunzo shirikishi kwa njia ya masafa. Bibi zetu walishayafanya na redio ya betri! Redio yenyewe haijibu, inaongea tu. Waliojibu ni wale waliokaa duara. Ukiiondoa ile duara, "Mtu ni Afya" ingekuwa kipindi kama vipindi vingine, unakisikiliza huku unachambua mboga, kikiisha umesahau.

Shika hilo neno, duara. Tutalirudia.

SEHEMU YA 4: Kenya, wauguzi 22,000 na hesabu isiyofika

Turuke miaka thelathini na kitu, tuvuke mpaka twende kwa jirani.

Miaka ya 2000 mwanzoni Kenya ilikuwa na wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 22,000. Ndo waliokuwa wamebeba hospitali na zahanati za nchi, kama ilivyo kwetu. Wengi walisoma zamani, kabla UKIMWI haujawa ugonjwa wa kila wodi. Mtaala waliosomea haukuwaandaa kumhudumia mama mwenye virusi ili mtoto asiambukizwe. Ikaonekana lazima wapandishwe ngazi wawe na stashahada.

Vyuo navyo vilikuwa na nafasi chache za kuwapokea. Wakapiga hesabu: kwa mwendo ule wa darasani, kazi ingechukua zaidi ya miaka 100. Yaani wauguzi wote wangestaafu na kufa kabla zamu yao ya kusoma haijafika. Na hata kama nafasi zingekuwepo, ungewatoa wote kazini, wodi zibaki na nani?

Ndipo mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, vyuo vya afya na kampuni ya Accenture wakaanza kuyahamisha masomo kwenye kompyuta. Msidhani intaneti ilikuwa hii mnayoijua. Masomo mengi yaliwekwa kwenye sidii, kwa sababu mtandao wa hospitali nyingi ulikuwa haueleweki. Zaidi ya vituo 100 vilifungwa kompyuta nchini. Nesi anamaliza zamu, anakaa kwenye kompyuta saa moja au mbili, anasoma, anajibu maswali, mashine inamwambia hapa umekosea rudia. Kesho yuko wodini kama kawaida.

Wengine walikuwa hawajawahi kushika kipanya maishani. Mtu anazalisha usiku kucha bila woga, halafu anaogopa kubonyeza kitufe! Kwa hiyo walifundishwa kompyuta kwanza.

Zingatia hapa, hawakuwaachia kompyuta peke yake. Walikuwepo wakufunzi wa kuwafuatilia, na yale ya mikono yalifanyika kwa mgonjwa halisi, mwenzao mzoefu akisimamia. Nadharia ilihamia kwenye mashine, mikono ikabaki wodini. Ile duara ya 1973 imerudi kwa sura nyingine.

Maelfu ya wauguzi walisoma kwa njia hiyo, na mafunzo ya namna hiyo yakasambaa nchi nyingine za Afrika. Baadaye AMREF na washirika wake huko Kenya wakapeleka masomo mpaka kwenye simu za kawaida, hizi tunazoita vitochi, kwa ujumbe mfupi na sauti, ili wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wajifunze.

SEHEMU YA 5: Tuma neno MTOTO

Mpaka hapa nimewasema wauguzi tu. Lakini darasa lingine lilikuwa linasubiri kuhama, na mwanafunzi wake ni wewe.

Lile la kliniki. Benchi limejaa, wajawazito wamebanana, nesi anasimama mbele anasema kwa haraka: lishe, neti, dalili za hatari, jiandae kujifungua. Anamaliza, anauliza "mmeelewa?" Wote: "Ndiyoo!" Sasa ukimfuata mmoja mmoja pale nje umuulize dalili za hatari ni zipi, utasikia maajabu. Simlaumu mama. Ana njaa, ana uchovu, anawaza nauli, na ameambiwa mambo ishirini kwa dakika kumi.

Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni, chini ya Wizara ya Afya na washirika wake. Kulikuwa na mabango na matangazo ya redio, lakini jipya lilikuwa simu. Ulituma neno MTOTO kwenda 15001, bure. Ukisajili umri wa mimba au wa mtoto wako, ujumbe unaopokea unalingana na wiki uliyopo. Wa miezi mitatu hapewi habari za uchungu. Aliyejifungua juzi anaambiwa ya kunyonyesha na kitovu. Na baba pia aliruhusiwa kujisajili, hilo wengi hawakulijua.

Katika wiki chache za mwanzo waliojisajili walipita laki moja, na jumbe zilizotumwa zilihesabiwa kwa mamilioni.

Uzuri wake ni upi? Somo linakuja kidogo kidogo, kwa wakati wake, kwa Kiswahili, kwenye kitochi kisichohitaji bando. Unaweza kulisoma mara tatu. Unaweza kumsomea mama mkwe.

Na upungufu wake? Ujumbe ukishaingia umeingia. Aliyesoma akashtuka, "mbona mimi miguu imevimba hivi?", bado alihitaji mtu wa kumuuliza. Simu ilifikisha somo vizuri sana. Kujibu swali lake ilibaki kazi ya mtu.

SEHEMU YA 6: Haydom na mwanasesere wa wodini

Sasa nakuleta kwenye kisa ambacho kila anayetengeneza mafunzo, ya ukumbini au ya mtandaoni, ningependa akisikie.

Hospitali ya Haydom iko Mbulu, mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mnakijua kile kimya cha kutisha, mtoto katoka na halii. Dakika ile ya kwanza ndo kila kitu: mkaushe, msugue mgongo, asipopumua mpulizie hewa kwa kifaa chake.

Mafunzo yalikuwa mazuri. Walitumia mwanasesere maalumu, kila mtu alishika. Miezi kadhaa baadaye watafiti walirudi kuwapima. Kwenye mwanasesere wahudumu walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini kwa watoto halisi, wodini, mambo hayakuwa yamebadilika. Ujuzi ulikuwepo, mikono ilikuwa haiutumii.

Wakabadilisha utaratibu. Mwanasesere akawekwa pale pale wodi ya wazazi. Dakika tatu mpaka tano kila wiki, mhudumu akiwa zamu, anafanya mazoezi. Kila mwezi marudio marefu kidogo. Wenzao wachache wakapewa jukumu la kuwasukuma wengine. Hakuna ukumbi, hakuna posho, hakuna kuondoka kituoni.

Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Soma tena hiyo namba, mama. Kwa kila watoto elfu moja, karibu wanne zaidi walivuka siku yao ya kwanza, na kilichowavusha ni dakika chache za mazoezi kila wiki.

Kisa kingine, cha Ethiopia. Kuna programu ya simu inaitwa Safe Delivery App, ya shirika la Maternity Foundation la Denmark. Ina video za katuni zinazoonesha hatua kwa hatua namna ya kuzuia damu nyingi au kumsaidia mchanga kupumua. Ilijaribiwa kwenye vituo 73. Majibu yalitoka mwaka 2016: waliokuwa na programu hiyo walipanda sana kwenye maarifa na ustadi. Kwenye vifo, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema kwa uhakika kuwa ni programu iliyofanya.

Weka visa hivi viwili pamoja. Simu inaweza kufundisha, tena vizuri. Lakini kati ya kujua na kumwokoa mtoto kuna daraja, na daraja hilo ni mazoezi ya mara kwa mara pale pale penye kazi.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO: Sasa wewe unafanya nini na historia hii?

Siku hizi Wizara ya Afya ina jukwaa lake la mafunzo ya mtandaoni, na wauguzi wengi tunajisomea kwenye simu. Mimi nashukuru. Kusoma nikiwa Mpanda, bila kupanda treni ya Tabora wala kumwachia mwenzangu wodi, ni jambo ambalo wakubwa zetu kazini hawakulipata. Nesi ukimwona ameinamia simu siku wodi imetulia, usikimbilie kusema anachati. Huenda anasoma jinsi ya kukuhudumia. (Na huenda anachati kweli, sisi pia ni binadamu.)

Lakini si kila kinachoitwa kozi ya mtandaoni ni darasa. Mengine ni yale makaratasi ya semina yaliyopigwa picha yakatupiwa kwenye simu. Unashuka mpaka chini, unabonyeza "nimesoma", unapewa cheti. Ukiwa huku kwetu ambako mtandao unazunguka mpaka chaji inaisha, hata hizo picha hazifunguki. Cheti cha namna hiyo kinapendeza ukutani, ila saa nane usiku mtoto akitoka halii, hakimpulizii hewa.

Ukiangalia safari yote, redio ya 1973, kompyuta za Kenya, kitochi cha 2012, mwanasesere wa Haydom, kilichobeba somo kimebadilika kila mara. Yaliyofanikiwa yote yana mambo haya:

1. Anayejifunza anaulizwa, na yeye anauliza, na kuna anayemjibu.
2. Somo linakuja kidogo kidogo na linarudiwa.
3. Kuna kitu cha kufanya kwa mikono, sio kusikiliza tu.
4. Linafika kwa kifaa ambacho mtu anacho, sio kile tunachotamani awe nacho.

Sasa nyie wazazi mnaweza kuyatumia haya, hata bila bando.

Ukiwa kliniki, usiitikie "ndiyo" tu. Mwambie nesi: "Dada, ngoja nikurudishie ulivyosema nione kama nimeshika." Halafu mrudishie. Ukikosea atakurekebisha pale pale. Hilo ni darasa shirikishi, na halina gharama.

Ukipata video ya afya kwenye kundi la WhatsApp, kabla hujaifuata muulize mhudumu wako. Video haijui presha yako wala umri wa mimba yako.

Nyumbani kaeni duara, baba, mama, bibi, hata dada wa kazi. Taja dalili za hatari kwa mjamzito na kila mmoja arudie: kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe, degedege, uso na mikono kuvimba, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiiona hata moja, hakuna kusubiri asubuhi, ni kwenda kituoni. Kisha mkubaliane kwa vitendo: nauli iko wapi? Bodaboda wa usiku ni nani na namba yake anayo nani? Watoto wengine wanabaki na nani? Hilo la mwisho msiliache hewani, maana ndilo linalowachelewesha wengi.

Rudieni kila wiki. Dakika tano zinatosha, Haydom wameshatuonesha.

Anayetaka kuuliza aulize, nitajibu nikitoka zamu. Na kama bibi yako alikaa kwenye kikundi cha "Mtu ni Afya" mwaka 1973, mwombe akusimulie, uniletee. Nataka sana kujua huku Mpanda walikalia wapi, na nani alikuwa na redio.

Usiku mwema, watoto walale ndani ya neti.